Mlima Hauna Ng'ombe wa Mtu

Gendabi, Hanang
4 Julai 2024

Dada Genoveva,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na shemeji Herman hamjambo hapo Tlawi. Mimi ni mzima wa mwili, na salamu ziishie hapo, kwa sababu nikiendelea kusalimia nitalia, na karatasi ninayo hii moja.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa kuwa simu yetu Hilary ameondoka nayo. Yuko Mirerani. Mwanamume akifiwa na mtoto anapanda basi tu, na kule migodini hakuna anayejua lililompata, anakula sahani moja na wenzake. Mimi nimebaki kwa mama yake, kwenye kibanda cha nyuma kilichokuwa cha mbuzi. Wameniweka metimani.

Najua utadhani nakutania. Bibi alikuwa akituhadithia kama mambo ya kale: mwanamke aliyefiwa na mtoto wa kunyonya anatengwa, haingii nyumba ya mtu, hachukui moto wa mtu, hapiti njia ya ng'ombe wa watu, hampi mtu kitu kwa mkono, mpaka wazee waseme imetosha. Serikali ilikataza kabla hatujazaliwa na padri hukemea kila Kwaresima. Lakini ziko nyumba chache zilizobaki nayo, na mimi katika nyumba zote za Hanang nikaolewa humo. Nipe hongera.

Bombani siendi, kanisani siendi. Mama mkwe ananiwekea dumu la maji juu ya jiwe, anarudi nyuma, ndipo nalifuata. Jina la mtoto halitajwi. Alikuwa ameshaanza kucheka, dada.

Barua hii itachukuliwa na Judica, nesi wa zahanati yetu. Ni Mpare wa Same, anasema kwao hili hawana, wana mengine. Juzi nilimrudishia kalamu, akaipokea mkononi mwangu kama mtu anayepokea chenji. Barua atampa kondakta wa basi la Mbulu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo. Sisemi uje kunitoa. Ingia kibandani, ukae, nikupe maji, unywe. Mtu mmoja wa damu yangu akinywa kwenye kikombe changu mbele ya watu hawa, nitajua kwamba bado mimi ni mtu.

Mdogo wako,
Marieta

*

Tlawi, Mbulu
15 Julai 2024

Mdogo wangu Marieta,

Marahaba. Milele amina. Barua imefika na tumelia, mimi na Herman. Pole sana. Kila jioni kwenye rozari tunakutaja.

Kuja kwa sasa sitaweza, na usinielewe vibaya. Ni ng'ombe wetu, yule mwekundu uliyemkama ulipokuja Krismasi ile. Ana mimba, na safari hii tunamwangalia kama yai, kwa sababu mara mbili zilizopita alitupa mimba. Unajua watu wanavyosema juu ya mtu aliyetoka kwa mwenye hali kama yako kisha akaingia zizini. Mimi siamini. Herman ni katekista, yeye haamini kabisa. Lakini kutoamini ni jambo moja, na kujaribu ni jambo lingine.

Hata barua yako ni Herman aliyeifungua na kunishikia nikasoma, kama wanavyomshikia padri kitabu cha misa. Usicheke.

Vumilia, mdogo wangu. Mvumilivu hula mbivu. Wazee watasema imetosha, utatoka, na yote yatasahaulika. Nimekutumia kitenge, baridi ya huko naijua.

Dada yako akupendaye,
Genoveva

*

Gendabi
22 Julai 2024

Dada,

Shikamoo, kwa sababu ni lazima.

Ng'ombe! Nimesoma ukurasa wako juu na chini nikitafuta sababu nyingine na sikuiona. Nimezaliwa tumbo moja na wewe, umenibeba mgongoni mpaka nikajua kukimbia, na sasa nimepimwa na ng'ombe mwekundu nikaonekana mwepesi. Mwambie shemeji siku atakapofundisha habari ya Yesu kumgusa mwenye ukoma, awashe taa vizuri aone anachosoma.

Na hiyo mbivu ya mvumilivu, mtu aliyekatazwa kupita chini ya mti ataila vipi?

Basi sikiliza. Nimekaa hapa nikizichambua sheria zao kama maharage. Nisipite njia ya ng'ombe wa watu. Sawa. Nyuma ya kibanda changu ipo njia ambayo ng'ombe wanaishia chini kabisa, wakivuka pale askari wa hifadhi anawakamata. Ni njia ya kupanda Hanang. Nisiingie nyumba ya mtu. Kule juu hakuna nyumba. Mlima hauna ng'ombe wa mtu wala moto wa mtu. Kwa sheria zao wenyewe, mahali pekee ninapoweza kutembea kifua mbele ni mlimani, na nitatembea mpaka kileleni. Kama siruhusiwi kuja Tlawi, nitapanda mahali nitakapoiona.

Mama mkwe amesema mlima ulishakasirika mwaka jana, ukaporomoka ukaua watu, na sasa mimi nataka kuupelekea mkosi. Nikamuuliza, mlima ulipoporomoka mimi nilikuwa na mimba yangu nzuri, nimekaa jikoni kwake namenya viazi. Siku ile nani aliukasirisha? Akasema nikipanda nisirudi kwake.

Atakayenipeleka ni Onesphory, mwongoza wageni wa Katesh, alisoma na Hilary. Amekubali kwa masharti. Atatangulia, mimi nifuate kwa mbali, kila mtu abebe maji yake, na asipokee kitu mkononi mwangu. Upande wetu wa mlima kiangazi hiki umekauka, ukipita msitu hupati tone. Nimemwambia sawa, nimeshazoea kunywa peke yangu.

Ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Asubuhi hiyo simama kwenye mgongo wa kilima nyuma ya kanisa, utazame upande wa Hanang. Hutanigusa. Ng'ombe wako hatapata hata mafua.

Marieta

*

Tlawi
2 Agosti 2024

Shemeji Marieta,

Amani ya Bwana iwe nawe.

Nakuandikia kama mkuu wa nyumba hii. Tangu barua yako ya pili ifike, dada yako hali vizuri wala halali vizuri. Na ng'ombe katika kipindi hiki anahitaji mtu mwenye moyo uliotulia. Kwa hiyo nakuomba usiandike tena mpaka sisi tukuandikie.

Habari ya mlima, nakataza. Wewe ni mwanamke uliyetoka kwenye msiba, si mtalii.

Habari ya mwenye ukoma nimeisoma upya. Nimeisoma nikiwa nimewasha taa.

Wako katika Kristo,
Herman

*

Gendabi, zahanati, kwa Judica
19 Agosti 2024

Dada Genoveva, na shemeji Herman pia, kwa kuwa najua wewe ndiye unayeshika karatasi,

Shikamooni. Nimekatazwa kuandika na nimekatazwa kupanda. Nimepanda, na sasa naandika.

Tuliondoka kabla ya jogoo. Onesphory mbele na dumu lake, mimi nyuma na langu limefungwa kwenye kile kitenge ulichonitumia. Msituni kulikuwa na kivuli na nikadhani mlima ni mpole. Kisha miti ikaisha. Kutoka pale ni majani makavu, miiba, na mawe yaliyovunjika vunjika yanayokimbia chini ya mguu. Unapanda hatua, unarudishwa nusu. Jua lilipotoka halikuwa na aibu. Midomo ilipasuka. Nilikuwa nashika mashina ya majani kwa mikono miwili na kumtukana kila mzee aliyekaa kikao changu, mmoja mmoja kwa jina lake la ubatizo.

Unaona kilele, unajitahidi, unafika, na siyo chenyewe. Ni kichwa cha uongo. Chenyewe kiko mbele, na kwenda huko unapita kwenye mgongo mwembamba wa mlima, kushoto bonde, kulia bonde, na upepo unakuuliza umefuata nini. Hapo Onesphory aliinama kufunga kiatu, akaweka dumu lake juu ya jiwe, na jiwe likageuka. Tulilisikia dumu likigonga mwamba, likagonga tena, halafu kimya.

Akasema hakuna shida. Wanaume wa huku wakisema hakuna shida ujue ipo. Tukaendelea. Baada ya muda nikaona anaweka mguu mahali ambapo hapakuwa na kitu, akaurudisha. Akatembea kidogo, akakaa chini. Midomo yake ilikuwa myeupe. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima huo, anayepeleka wageni kila mwezi, amekaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Nikamimina maji kwenye mfuniko, nikamsogezea. Akageuza uso. "Shemeji, usinilazimishe." Nikamwambia nitaweka juu ya jiwe nirudi nyuma, kama mama mkwe anavyonifanyia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Jiwe la kuweka kitu hapakuwa nalo, mahali penyewe hapana upana wa kitanda. Palikuwa na mkono wangu na mdomo wake tu.

"Onesphory," nikasema, "kunywa. Ama sivyo nitashuka nimwambie mama yako umekufa kwa adabu."

Akafumba macho, akanywa. Akafumbua, akanyoosha mkono mwenyewe, akanywa tena.

Akasema, "Ni maji tu."

"Ulidhani nini?"

"Sijui. Sijawahi kuuliza."

Kutoka hapo hakutangulia tena. Tulikwenda pamoja, nikiteleza ananishika, akichoka namshika.

Kileleni tulifika. Tlawi sikuiona, nisikudanganye. Niliona Ziwa Balangida limekauka, chumvi nyeupe, na zaidi ya hapo ni vumbi la kiangazi. Onesphory alinionyesha kwa mkono Mbulu iko wapi na nikageukia huko. Nikaliita jina la mwanangu. Emiliana. Tangu tulipomzika ilikuwa mara ya kwanza kutamkwa, na nililitamka kwa sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya korongo. Onesphory alivua kofia.

Tuliporudi, mizigo yangu ilikuwa imewekwa nje, juu ya lile jiwe la maji. Sikubisha hodi. Niko kwa Judica.

Sikuombi tena uje. Nilitaka tu ujue kwamba mtu amekunywa maji yangu na yuko hai Katesh, anaongoza Wajerumani.

Marieta

Nyongeza ya Judica: Shikamoo dada. Miguu yake nimeisafisha. Kucha mbili zimeng'oka, zitaota. Anakula kuliko mimi.

*

Tlawi
30 Agosti 2024

Marieta wangu,

Barua yako niliifuata mwenyewe stendi. Niliipokea mkononi mwa kondakta, nikaifungua hapo hapo nimesimama kwenye vumbi, na sikumngoja Herman anishikie.

Hakuna ng'ombe. Yaani yule mwekundu yupo, mzima, ananona, na hana mimba yoyote. Mwenye mimba ni mimi. Aliyepoteza mara mbili ni mimi. Tumefika mwezi wa saba na sijamwambia mtu nje ya nyumba hii, nafunga mashuka mawili kiunoni wanadhani nanenepa.

Zile mbili hukuzijua kwa sababu nilizificha. Huku kwetu hakuna kikao cha wazee siku hizi, lakini macho yapo. Niliogopa nikisema, yule jirani ataacha kuniazima moto, yule mwingine atawaita watoto wake ndani nikipita. Kwa hiyo nilizika peke yangu nyuma ya migomba, Jumapili nikaenda kuimba sauti ya kwanza. Wewe walikuweka metimani, mimi nilijiweka mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, natabasamu. Halafu nikakwambia uvumilie. Naona haya, Marieta.

Nilikunyima kikombe cha maji kwa sababu ya hofu. Sikuwa na sababu nyingine. Nilisema ng'ombe kwa sababu ng'ombe haoni aibu.

Tarehe 15 nilisimama kwenye kilima. Mlima sikuuona, ni wingu na vumbi. Herman alinifuata. Nilidhani amekuja kunirudisha, kumbe amekuja na koti lake akanivika, akasimama naye. Tulikaa pale mpaka kengele ya misa.

Sasa unajua. Kama utanichukia, nichukie mimi, ng'ombe mwache.

Genoveva

*

Gendabi
9 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Nilikasirika, nikafurahi, halafu nikakasirika kwamba nimefurahi. Judica ameniambia nichague moja nile, chakula kinapoa.

Mara mbili, dada. Mara mbili, na mimi nilikuwa nakuandikia kana kwamba hujui uchungu. Laiti ungeniambia. Ningekuja kwa miguu.

Sasa siwezi kuja, na naomba unielewe kama ulivyotaka nikuelewe. Siwaogopi wazee. Hao tumemalizana. Lakini nikija nikakushika, na likatokea lolote, kila jicho la Tlawi litageuka kwangu, na la kwako la kwanza. Utasema hapana, lakini usiku utawaza. Hanang nimeibeba kwa magoti. Hilo silibebi.

Juzi mama mkwe alikuja mpaka kwenye uzio wa zahanati. Hakuingia. Aliuliza kama kule juu kuna baridi. Nikasema ipo. Akasema yeye alipofiwa na mtoto wake wa kwanza alikaa peke yake mpaka nyumba ikaota nyasi mlangoni, na hakuna aliyempa chochote kwa mkono. "Hata jina lake nimelisahau," akasema. Nikamwendea nimlaumu, dada, nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Nikakuta analia. Nikamshika mkono kupitia uzio, na hakuurudisha.

Jifungue salama. Nitasikia kwa kondakta.

Marieta

*

Tlawi
18 Septemba 2024

Marieta,

Marahaba. Sasa nisikilize, mimi ndiye mkubwa.

Jana jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu, nyumba nzima imejaa, wazee wamekaa mbele. Baada ya somo Herman akauliza kama yupo mwenye neno. Nikasimama. Nikafungua yale mashuka mbele yao, wakaona tumbo. Nikasema, nimepoteza wawili na niliwazika nyuma ya migomba hiyo mnayoiona. Nikasema, ninaye mdogo wangu aliyefiwa na binti, jina lake Emiliana, ametengwa, na mimi namwita aje nijifungulie mikononi mwake. Mama mmoja alichukua kanga yake akatoka. Nikamwacha atoke.

Halafu nikasema neno nililokuja kusema. Nikasema: mtoto huyu anaweza kuzaliwa mzima na anaweza kufa, kama wale wawili walivyokufa wakati Marieta hajakanyaga hapa. Akifa, si mikono ya Marieta. Nimelisema leo akiwa hai tumboni, ili kesho asitokee mtu wa kulisema vingine, hata mimi mwenyewe.

Umesema usiku nitawaza. Nitawaza. Nitawaza, na nitakuwa nimeshasema mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo njoo. Hospitali ya Mbulu wanajua, daktari ameniona, kila kitu kiko tayari isipokuwa wewe. Na uje na lile dumu la mlimani.

Dada yako,
Genoveva

Shemeji, mimi Herman nimeandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe: nilikuwepo, nilisikia, nakubali. Nitakuwa stendi kukupokea. Mizigo nitaibeba mimi.

*

Tlawi
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Barua hii haitapanda basi. Naiandika umekaa upande wa pili wa mafiga, umempakata binti yangu, unamwambia mambo ya Hanang ambayo hata mimi hukuniambia, na Herman anakatakata viazi vibaya sana kwa kuwa anakutazama.

Nataka ubaki nayo kwa sababu maneno ya mdomo utayasahau. Niliogopa mpaka mwisho. Ulipokuwa umenishika mgongo kule hospitali niliogopa, na ulipotoka kwenda kuchota maji niliogopa zaidi, nikajua kwamba hofu haikuwa ya mikono yako. Alipolia nilikuwa bado naogopa. Nadhani ndivyo mama anavyokuwa. Kisha nikasikia kiu, ukanipa maji ya dumu lako, nikanywa, nikaomba tena. Onesphory alisema kweli.

Watu wameuliza kama tutamwita Emiliana. Nimekataa. Emiliana ana jina lake na ana mama yake, hatumvui jina tukamvisha mwingine. Huyu tutamtafutia lake, na Emiliana tutaendelea kumtaja kila jioni, kwa sauti, madirisha yakiwa wazi.

Umeinua macho sasa hivi, unaniuliza naandika nini muda wote huu. Ngoja niweke nukta. Nanyoosha mkono, mhamishie mtoto upande wa kushoto, na wewe nyoosha wa kulia.

Pokea.

Genoveva